Upande wa Jua

Dada Glenys,

Natumaini Perth hakuna baridi kama huku Katoomba. Mbwa amepona, na supu ya maboga uliyonifundisha ndiyo chakula chetu.

Jumapili sisi wapagani tulipanda kilimani kulikaribisha jua linaloanza kurudi. Kuongoza duara letu la ibada aliachiwa Isolde, yule Mwingereza aliyehamia majuzi. Miaka yote nimeliongoza mimi, lakini watu wa hapa Australia wakisikia lafudhi ya Uingereza akili zao hulala. Akaanza kuzunguka upande wa mishale ya saa, kama vitabu vya kwao vinavyoagiza. Nikapayuka, "Wee bibi! Jua la hapa linapita kaskazini, linakwenda kinyume! Unamwita mungu wa London?"

Watu wakacheka, naye akacheka. "Nielekeze basi, dada yangu."

Kabla sijasogea, Desmond wangu alishamshika mkono kumgeuza. Tukazunguka, tukaita pande nne za dunia, na muda wote hakumwachia.

Unakumbuka mimi na Desmond tulivyooana kwa kufungwa mikono kwa kamba mbele ya moto, kwa mwaka na siku moja, kama desturi yetu? Muda unaisha Jumamosi. Njiani nikamuuliza, "Tutafunga tena?"

"Mama wa hoja, leo umeshinda," akasema. "Pumzika kwanza."

Nilishinda kweli, kila mtu alizunguka upande nilioutaka. Njoo kabla ya Jumamosi, dada. Sitaki kusimama na ile kamba peke yangu.

Mdogo wako, bado nafoka,
Corinne