Hodi Kwenye Ukurasa wa Ngoro

Jumamosi, 6 Februari

Mvua tangu alfajiri. Wanafunzi wangu wa kompyuta wamekuja kituoni hivyo hivyo, matope hadi magotini. Umeme ulikatika katikati ya somo. Uliporudi wakapiga makofi kama wako harusini.

Somo la leo: kuhariri alichoandika mtu mwingine. Nilidhani ndiyo sehemu rahisi ya kamusi elezo. Unabonyeza "hariri", unarekebisha, unahifadhi. Hakuna aliyegusa. Mmoja wao, muuguzi, aliona herufi imerukwa kwenye ukurasa wa Songea, akaniita anionyeshe. Kuirekebisha akakataa. Ni ya mtu, alisema. Nikawaambia kwenye kamusi elezo ya mtandaoni ukurasa hauna mwenyewe, kila msomaji anaruhusiwa. Wakanitazama kwa adabu, vile watu wanavyomtazama mlevi anayehubiri.

Nawaelewa. Hapa Mbinga hata mahali pa kukaa kanisani pana mwenyewe. Halafu nakuja mimi na kitu kinachosomwa dunia nzima, nasema ni cha wote, ingieni tu.

Jambo jema: Mzee Ndunguru amemaliza ukurasa wake wa ngoro, kilimo chetu cha mlimani. Alikuwa karani wa chama cha msingi cha kahawa, kabla ya wanunuzi binafsi kuingia na magari yao na chama kubaki jina. Anapiga kompyuta kama taipureta, vidole vyote kumi, meza inatikisika. Nimeusoma kabla ya kufunga chumba. Ameeleza jinsi majani yanavyolazwa miraba miraba mlimani, yakafukiwa kwa udongo, yakabaki mashimo yanayoshika maji ya mvua yasibebe shamba bondeni. Hakuna kosa la tahajia hata moja. Nimefurahi kwelikweli.

Jumapili, 7 Februari

Baada ya misa Mama Festo kanisimamisha nje. Naye ni mwanafunzi wangu. Ni mkwe wa Mzee Ndunguru, kaolewa na mwanawe, wanakaa ua mmoja. Mtoto wa Liuli, ziwani, anauza dagaa sokoni kwetu. Mdomo anao. Huwa anatutania watu wa milimani kwamba tukiona maji mengi tunatafuta daraja.

Leo hakutania. "Mwalimu, ule ukurasa wa baba umeusoma?"

Nikasema nimeusoma, mzuri sana.

"Mzuri. Na pale aliposema wanaume huchimba ngoro, wanawake husaidia?"

Sentensi hiyo nimeipita. Mimi! Nimezaliwa hapa. Wanaume hufyeka na kulaza majani, hapo kazi yao imekwisha. Jembe ni la wanawake. Mama yangu alichimba ngoro mpaka mgongo ukapinda. Nami nikapita juu ya "husaidia" nikitafuta koma. Nimeona aibu.

Kwao Liuli hawana ngoro. Alifundishwa na mama mkwe wake alipoolewa, mke wa Mzee, aliyefariki mwaka jana msimu wa kuchuma kahawa. "Kusaidia ni kumtua mtu mzigo wake," Mama Festo kasema. "Ule mzigo ulikuwa wa mama."

Nikamwambia basi arekebishe. Akacheka mpaka akashika ukuta. Amsahihishe baba mkwe mbele ya dunia? Anataka kuendelea kukaa pale nyumbani.

Jumatano, 10 Februari

Nimefungua ukurasa wa ngoro. Nimeweka kishale kwenye "husaidia". Vidole vinawasha. Miaka yote ya kalamu nyekundu haiishi hivi hivi.

Nimefunga. Nikibadilisha mimi, Mzee atauliza ni nani, na Mama Festo atakuwa hajasema neno.

Alhamisi, 11 Februari

Nimepita sokoni kununua dagaa. Nimempa Mama Festo ushauri: usiguse, bisha hodi kwanza. Kila ukurasa una mahali pa kuongea na mwandishi. Akikujibu, mnaelewana, ndipo mnabadilisha. Uso ukamchangamka. Hodi anaiweza, kasema. Kanipimia dagaa wa kuzidi na kukataa nisimshukuru.

Jumamosi, 13 Februari

Mzee hakuja, yuko msibani. Mama Festo alikaa kompyuta ya pembeni, ametupa mgongo. Mwisho wa somo akaniambia, "Nimebisha." Nilikuwa nahangaika na muuguzi aliyefuta aya nzima kwa bahati mbaya. Nikasema vizuri sana, bila kwenda kuangalia.

Jumatatu, 15 Februari

Siku mbaya.

Mzee Ndunguru kaja na wazee wenzake wawili wa parokia. Wamevaa makoti. Amewaleta waone jina la ngoro limefika mtandaoni. Nikawawekea viti, nikafungua ukurasa. Juu kabisa, kabla ya neno lake la kwanza:

"Hodi baba. Shikamoo. Ni mimi mkweo, Mama Festo. Naomba kuongea nawe kuhusu neno husaidia."

Kabisha hodi ndani ya nyumba. Nilimwambia kuna mahali pa kubisha, mahali penyewe sikumwonyesha. Kosa ni langu lote.

Mzee mmoja akaisoma kwa sauti, silabi kwa silabi, hadi mwisho. Kisha akauliza, "Kwani ana neno gani?" Mzee Ndunguru kachukua kofia yake. "Asante Mwalimu, tumeona." Wakatoka, mvua inanyesha.

Nimeihamishia ile hodi kwenye ukurasa wa majadiliano, inakostahili kuwa. Sikuifuta. Hodi ya mtu haifutwi.

Jumatano, 17 Februari

Meza ya Mama Festo sokoni imefunikwa turubai. Jirani yake muuza nyanya anasema kaenda kwao Liuli na mtoto. Mkwe kamfukuza, anasema huyu. Kaondoka mwenyewe, anasema yule. Mbinga haikosi la kusema.

Chakula kimenishinda. Nimewafundisha watu kuhariri, nimevunja nyumba.

Jumamosi, 20 Februari

Darasa. Viti viwili vitupu. Nimefundisha jinsi ya kuweka picha. Sijui nimesema nini.

Jumatatu, 22 Februari

Liuli.

Nimeshuka na lori la mbao hadi Mbamba Bay, na kutoka hapo gari la mizigo. Barabara ni uji. Mara mbili tulishuka kusukuma, mwalimu mzima na sketi yake ya kanisani. Ziwa lilipotokea kule chini hakuna aliyelitazama, tulikuwa tunatafuta pa kukanyaga.

Nimemkuta mchangani na mama yake, wanageuza usipa kwenye vichanja. Usipa ndio dagaa wa huku ziwani. Nikamwamkia mama, akaniitikia, akanipa kigoda. Mama Festo kanicheka kwa matope. Alijua nitakuja, kasema.

Hakufukuzwa. Mzee hakusema lolote, na hilo ndilo lililomshinda. Angegomba, angejibu. Lakini baba anakula, anaondoa sahani yake, anakwenda kulala. Siku nzima ua mzima kimya.

Nikamwambia kosa langu, kwamba mlango sikumwonyesha. Akasema amelijua, vijana wa darasa walimweleza siku ile ile wazee walipoisoma. Nikamwomba arudi.

"Mwalimu, mtu akibisha hodi asijibiwe, anafanya nini?"

Nikageuza usipa mmoja kwenye kichanja.

"Anaondoka," kasema. "Haingii. Hata kama anawasikia wamo ndani."

Mama yake akaitikia kwa kichwa, akaendelea kugeuza samaki. Kwao ndivyo alivyolelewa, na kwetu pia. Wamenifungia usipa kwenye gazeti. Nimelala kwao.

Alhamisi, 25 Februari

Nimepanda kwa Mzee Ndunguru. Nyumbani hayupo, nikaelekezwa shambani.

Mteremko mzima majani yamelazwa, miraba iliyonyooka kama imepigwa rula. Kazi ya karani. Lakini hakuna udongo juu yake. Majani yameanza kuwa manjano. Msimu wa maharage haungoji, na mvua kubwa ikishuka kabla hayajafukiwa, yatakwenda mtoni yote.

Yeye yuko chini kule na jembe. Amechimba mashimo matatu, kingo zimemomonyoka. Nikamwamkia. Akaegemea mpini.

"Haya yanachimbika," kasema, "ila hayasimami."

Mwanawe, Baba Festo, anataka watafute vibarua. Mzee kakataa. Hakusema kwa nini. Tulikaa kwenye gogo. Kisha akaongea mwenyewe, anatazama bonde. Kwenye fomu za chama, mkulima alikuwa mwanamume. Mke aliandikwa msaidizi. Amewaandika wake wa watu wasaidizi maisha yake yote ya kazi, na wa kwake akamwandika. Mkono umezoea, kasema.

Nikamwambia hodi ya Mama Festo bado ipo. Nimeiweka mlangoni.

"Mlango wenyewe uko wapi?"

Nikasema aje Jumamosi.

Ijumaa, 26 Februari

Mvua. Nimeamka kuisikiliza, nikawaza majani ya mtu mwingine.

Jumamosi, 27 Februari

Mzee kafika kabla sijafungua. Nimemwonyesha neno "Majadiliano" juu ya ukurasa wake. Akabonyeza. Hodi ikatokea, vile vile alivyoiona mbele ya wenzake. Akavua kofia.

Nikaenda kuchemsha chai. Nilikuwa natega sikio, sioni haya kusema. Ile taipureta yake haikulia. Alipiga herufi moja moja, polepole. Niliporudi na vikombe kiti kilikuwa kitupu. Kavaa kofia yake akaondoka, chai hakunywa.

Chini ya hodi ameandika:

"Karibu ndani, Mama Festo. Marehemu hakuwa msaidizi."

Nikakaa. Nimelia kidogo, kwa sababu nimechoka.

Kisha nikafungua ukurasa wenyewe. Sentensi ya zamani haipo. Pameandikwa: "Wanaume hufyeka na kulaza majani. Wanawake"

Basi. Hakuna kitenzi, hakuna nukta. Nikadhani umeme ulimkatikia, lakini taa zilikuwa zinawaka. Nikadhani amesahau. Mzee Ndunguru hasahau nukta. Vidole vikawasha tena, nikaweka kishale mwisho wa neno, nimalizie, ukurasa usikae uchi mbele ya watu. Nikakumbuka ule mteremko. Amelaza majani, ameacha udongo kwa mwenye jembe. Nikaondoa mikono.

Mchana nimempigia jirani yao wa Liuli mwenye simu. Nikamwomba amfikishie Mama Festo neno moja tu: umejibiwa.

Jumanne, 2 Machi

Mama Festo kapita mbele ya kituo na mtoto mgongoni, begi kichwani, Baba Festo nyuma na ndoo ya dagaa. Hakusimama. Kapaza sauti kutoka barabarani kwamba udongo unamngoja, darasa litamwona Jumamosi.

Leo nitalala vizuri, mara ya kwanza tangu mwezi uliopita.

Alhamisi, 4 Machi

Nimepika usipa wa mwisho. Paka wa jirani amekula vichwa.

Nimefungua ukurasa wa ngoro kuangalia. "Wanawake" bado imesimama peke yake. Mtu mmoja wa mbali, simjui, ameacha ujumbe kwamba sentensi haijakamilika, afute? Nimemjibu asifute. Nimemwandikia kwamba mwenye kuikamilisha yuko shambani.

Jumamosi, 6 Machi

Mvua imepumzika. Wote wamekuja.

Mama Festo kaingia na udongo kwenye kucha. Kamwamkia Mzee kwa kupiga goti kidogo, vile anavyofanya siku zote. Mzee akaitikia, akavuta kiti cha pili kando ya chake. Wakakaa. Sikuwakaribia. Nimemfundisha muuguzi kurudisha aya aliyoifuta, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Mama Festo anapiga kwa kidole kimoja. Kila herufi anaitafuta, akiipata anaigonga kama anaua mdudu. Imechukua muda. Mzee alitazama dirishani muda wote, mikono magotini. Darasa nalo likajifanya lina kazi.

Akahifadhi. Nimeisoma kutoka niliposimama: "Wanawake huchimba ngoro na kupanda maharage".

Mzee hakukigeukia kioo cha kompyuta. "Nukta umeweka?"

"Nimeweka, baba."

Tukaendelea na somo. Sikwenda kuangalia kama kweli ameweka.