Kila Jumanne Naenda Kutikisa Ngazi ya Zahanati

Mpendwa mshauri, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi basi habari za kazi, naomba msaada maana Jumamosi shemeji yangu anakuja kunihoji. Nilikuwa fundi wa kuchomelea, na kazi yangu ya mwisho ilikuwa vyuma vya kushikilia kwenye ngazi za zahanati moja ya ghorofa, nikakabidhi, wakasaini, nikauza mashine, sasa naendesha duka la rangi na mke wangu na tunaelewana vizuri, au tulikuwa tunaelewana. Wakala wa bima, ile inayolipa mtu akiumia kwa sababu ya kazi yangu, alipiga simu kwamba muda unaisha, nikamjibu kwa kiburi kuwa kazi imekwisha, bima ya nini, nikakata simu kabla hajamaliza, na bima nayo ikaisha.

Baadaye, katika kutafuta risiti, nikakutana na mkataba wa ile kazi ya zahanati, kumbe nilisaini kwamba bima itaendelea miaka miwili baada ya kukabidhi, na hapohapo nikakumbuka bolti moja ya kona ya juu, niliyoiweka fupi kwa kuwa ndefu zilikuwa zimeisha, nikajiambia nitarudi kesho, na hiyo kesho haijafika. Tangu hapo sina raha, kila Jumanne naenda zahanati, nachukua namba, nasema kichwa kinaniuma, napanda, naitikisa ile reli ya kushikilia, nashuka. Jumanne iliyopita mzee mmoja wa mkongojo aliiegemea mwili mzima huku akinisalimia, nikaishika reli kwa mikono miwili mpaka alipopita. Wauguzi wamenipachika jina, na mke wangu amekuta kadi saba na dawa ambazo hazijafunguliwa, akauliza naumwa nini, nikasema siumwi, akasema, "Basi niambie ni nani," nikajifanya napanga makopo ya rangi, naye akamwita kaka yake. Nikimweleza ataniona mjinga, zahanati watanishtaki, na nikitaka kuirudisha bima wataniuliza kama najua kasoro yoyote. Nifanyeje?

Mgonjwa wa Jumanne

JIBU

Mgonjwa wangu, pole, ila pole yenyewe ni kidogo. Nilicheka mpaka nilipofika kwa mzee wa mkongojo, hapo nikaacha kucheka. Wewe uliacha kuchomelea, lakini watu hawajaacha kupanda ngazi. Ndiyo maana mkataba ulitaka bima iendelee, na ndicho wakala alichotaka kukueleza ulipomkatia simu.

Anza na mkeo, leo, kabla shemeji hajavaa viatu. Mpe mkataba asome mwenyewe. Ataudhika, na ana haki, lakini mwanamke anayedhani mumewe ana mtu atapumua akisikia kwamba mtu mwenyewe ni bolti.

Kisha nenda kwa msimamizi wa zahanati usimwambie habari za kichwa. Mwambie pale juu hapako sawa, wafunge ile ngazi, na utarekebisha kwa gharama yako. Mwambie pia kwamba bima ilikatika. Unaogopa kushtakiwa kwa kusema? Fikiria utakavyoulizwa mtu akianguka, na zile kadi saba za nyumbani kwako zinaonyesha ulijua.

Wakala mpigie ukamwombe radhi, na safari hii msikilize mpaka mwisho. Akikuuliza kuhusu kasoro, taja ile bolti, kwa sababu bima uliyoipata kwa kuficha jambo inaweza kukuruka siku unapoihitaji. Wewe nawe muulize kama bima mpya inahesabu kazi ulizokabidhi zamani, na jibu akupe kwa maandishi. Ikiwa haihesabu, tafuta inayohesabu, uishike mpaka miaka miwili ya mkataba itimie. Usihadaike na cheti kizuri cha kutundika ukutani kisichogusa kazi ile ya zahanati.

Lakini bolti kwanza. Yule mzee alipoegemea hakushika bima, alishika kazi ya mikono yako, akakusalimia kwa kukuamini. Kwa hiyo azima spana, nunua bolti ndefu, nenda. Na usingoje Jumanne, mzee anaweza kupanda leo.