Ukurasa wa Joho

Unguja, 9 Novemba 2016

Kwa baba yangu, Mzee Kificho Silima, Pemba.

Assalamu alaykum, baba, na shikamoo. Kuna sauti moja haijaniacha tangu utoto: ile pumzi yako, haa, unayoupulizia muhuri wa usheha kabla hujaupiga. Wiki iliyopita niliisikia ukumbini, nawe hukuwapo. Goti lako linaendeleaje? Na kifua cha mama? Mimi mwili mzima, mengine utayasoma.

Unajua nimo na mawakili wa serikali katika shauri la ile kampuni ya hoteli. Ilipofutiwa mkataba wa ufukwe wenu, iliishitaki serikali nje, mbele ya wasuluhishi watatu ambao hawajapata kukanyaga Pemba. Mawakili walinieleza kwamba njia ya kushinda ni moja: kuonesha kuwa mkataba ulipatikana kwa rushwa. Likithibiti hilo, madai ya kampuni yanatupwa na serikali hailipi kitu. Lakini wakubwa waliokula kweli hawakuacha hata kipande cha karatasi.

Wewe uliacha. Watu wa kampuni walipokuja kuomba ufukwe walikuletea joho na mabati ya msikiti, kilemba cha mwenye mji, kama ilivyo ada kwa mgeni aombaye ardhi. Ukalivaa Ijumaa ile ile. Jirani yetu Bi Kazija akakutania kwamba sasa unatafuta mke wa pili, nawe ukamjibu kuwa joho ni la shehia, wewe ni msumari tu wa kulitundikia. Kisha ukayaandika yote daftarini, tarehe na idadi ya mabati, ukapiga muhuri, mtu asije akasema umeficha.

Ukurasa huo ulioneshwa ukumbini mbele ya wasuluhishi, muhuri wako chini yake, na hapo ndipo nilipoisikia ile haa. Kwa kuwa ni Mpemba, niliambiwa nieleze kilemba ni nini. Mwenyekiti alinisikiliza kwa adabu, halafu akauliza kama joho lilitolewa kabla ya ridhaa yako au baada yake. Nikasema kabla. Akaandika. Hakuuliza habari za mtu mwengine yeyote.

Mawakili wanapongezana. Ufukwe hauwarudii nyinyi. Nimesikia ufukwe huo umeshapata mwombaji mwengine. Na wachunguzi wa rushwa watakujia, kwa sababu jina lililoandikwa ni lako peke yake.

Mama aliniambia kwenye simu kwamba umemfukuza Jecha, karani wako, ukiamini ndiye aliyelitoa daftari. Mrudishe, baba. Ni mimi. Idd iliyopita, ulipokuwa msikitini, niliupiga picha ukurasa ule kwa simu nikawapelekea mawakili. Nilidhani wakiuona uwazi wako wataona aibu, waende wakawatafute waliokula gizani. Nimesoma miaka yote ile, na hilo ndilo nililodhani.

Wasuluhishi wametaka maelezo ya maandishi: ukurasa umetoka wapi. Wakili alinishauri niandike kwamba umeletwa na mtumishi, basi. Sikutaka Jecha aendelee kubeba langu. Jana nimeandika kuwa ni mimi, nikasaini kwa jina langu kamili, ambalo ndani yake mna lako, nikayakabidhi maelezo. Hayarudishiki tena.

Nisalimie mama na Bi Kazija. Sijui kama utazipokea salamu zangu. Nakuletea hivyo hivyo.

Ni mimi mwanao,
Mwatum Kificho Silima