Mkanda wa Kiondo Changu

Njoroge, nani amekuroga? Wembe wa babu yako unausugua kwa msasa, halafu unaniuliza mbona unang'oa ndevu! Huku sisi wazima, mamako anakusalimia huko ng'ambo.

Babu yako alikuwa kinyozi pale soko la Jericho. Mkanda wake wa kunolea ulikuwa wa plastiki. Aliupenda kwa kung'aa. Siku moja baba yangu akaja nami kumkagua kabla ya posa yangu, akakaa kitini.

"Ninyoe. Damu ikitoka, narudi nyumbani na binti yangu."

Wembe ukavuta, mzee akakunja uso. Nikang'oa mkanda wa ngozi wa kiondo changu kipya, nikamtupia babu yako.

"Upake ile dawa ya kijani ya kunolea ya mafundi wa Kariobangi!" nikamwambia.

"Tulia wewe," akanijibu. "Makali yapo, yamekosa ngozi tu."

Akaupitisha wembe juu ya ngozi polepole, mgongo ukitangulia, kisha akanyoa mpaka baba yangu akakoroma. Aliamka amenyolewa, akapapasa kidevu.

"Kiondo kingine," akaniambia, "atakununulia huyu."

Mkanda wenyewe nakutumia. Tupa huo msasa leo, mpe fundi wembe aurudishie makali kwa jiwe laini, na ngozi yangu usiipake chochote!

Nyanya yako