Karatasi ya Ofisi ya Maji

Maskati, 9 Shaaban 1388

Kwa dada yangu mpenzi Kheiria, Mombasa,

Assalaam alaykum. Sisi huku tu wazima wa viungo, alhamdulillah. Sijui kifua cha Thani kimepoa au bado kinamsumbua. Mbusu mashavu yote mawili, umwambie mjomba wake anamkumbuka.

Dada, usiuze vyombo, na hiyo safari iahirishe. Nyumba tuliyoachiwa na babu si yetu tena. Mpangaji aliyekaa kabla yetu aliondoka na deni la maji la miaka, na kumbe huku deni la maji halimfuati mtu, hubaki na nyumba. Ofisi ya maji iliizuia, ikatoa muhula wa miezi mitatu, na muhula ulipokwisha ikanadiwa pale pale mlangoni, sisi tumesimama. Aliyeinunua ametuachia chumba cha uani mpaka Mfunguo Mosi, Ramadhani ikiisha tu. Hapo hamtaenea, wewe na watoto wanne.

Mama anasema kosa ni lake. Anamwambia kila jirani kuwa uzee umemla akili, karatasi ya ofisi ililetwa akaisahau. Bi Nasriya, aliyekuwa akiweka dhahabu yake kwa mama, amekuja kuichukua, kwa maneno matamu kweli kweli.

Mama hakusahau kitu. Karatasi alinipa mimi siku ile ile. Unajua nilivyokuwa nikijigamba kuwa nimekhitimu Kurani chuoni, kijana wa Kiarabu, na huku sokoni Matrah wananicheka nikifungua mdomo tu. Basi Kiarabu kile cha ofisi nilikisoma kwa sauti, kwa tajwidi kama msahafu, kuanzia bismillahi mpaka kwenye muhuri, na mama akaitikia amin. Aliponiuliza imesema nini, niliona haya. Herufi zote nazijua. Maana sikuambulia hata moja. Nikamwambia ni stakabadhi, tumekwisha kuandikwa wenye nyumba. Bangili zake zilikuwa mkononi, dada. Zingelipa deni lote na nyingine zikabaki.

Sijamwambia. Namwogopa, mama yangu mwenyewe, na najichukia.

Nisalimie shemeji Bakhit na wote wanaoniulizia. Mama anakusalimu sana. Ameniagiza nikuombe umsamehe kwa kukupotezea nyumba, nami nimemjibu kuwa nitaandika kama alivyosema.

Ndugu yako,
Aflah