Neno Ulilolisema Harusini

Mjambere, Kisauni

…na hapo ndipo simu ilipokatika, Baba, kabla sijakujibu. Ulikuwa umefika pale unaposema kwamba mtu aliyeacha wali wako sahanini mbele ya wageni, akatoka nje bila kuaga, hana haja ya kuja Kaloleni, awe mkwe awe nani. Jibu langu ni refu kuliko simu, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Lakini adabu kwanza. Shikamoo, Baba. Bwana asifiwe. Natumai kifua kimetulia na mikorosho imeshika maua. Mama naye shikamoo yake, na mwambie ile doti ya kanga aliyonipa naivaa mpaka majirani wananiuliza kama nina nyingine. Sisi huku hatujambo. Mimi ndiyo sijambo kupita kiasi! Ndoa ni tamu, Baba, mbona hamkuniambia mapema? Griffin akirudi kazini kule kwenye bohari ya makontena, huanza kuniita akiwa bado ngazini: “Bibi yangu!” Majirani hucheka mpaka hushika mbavu, kwa maana kwetu bibi ni nyanya. Nimemwambia aseme “mke wangu”. Anasema neno hilo ni kavu, kama la hakimu. Basi nimemwacha aniite bibi, na naitika abee.

Sasa nirudi kwenye wali. Siku ya harusi ulisimama ukatupa wasia, na nilijivunia sana, maana hakuna aliyewahi kufananisha ndoa na katiba. Ulisema babu alikufundisha kuhusu katiba ile ya kwanza, ya mwaka tulipopata uhuru, iliyoigawa nchi katika majimbo, na kwamba nyumba nzuri hujengwa vivyo hivyo: kila upande una heshima yake na sauti yake, lakini bendera ni moja. Kisha ukainua mkono ukasema kwa sauti ya furaha, “Majimbo, wakwe zangu! Majimbo!” Watu wetu wakapiga vigelegele. Mzee Oduor, baba yake Griffin, akaweka sahani chini na kwenda kusimama barabarani. Wewe ukaona dharau. Mimi nikaona aibu, na Griffin hakutaka kuniambia sababu.

Basi tukaanza kusoma, mimi na mume wangu. Unajua historia niliipenda tangu sekondari. Jumapili baada ya ibada tunakaa barazani, yeye anasoma kifungu cha Kiingereza, mimi namwambia kwa Kiswahili. Na nakiri, Baba, nimeipenda katiba ile. Ulikuwa na haki ya kuisifu. Iliandikwa na watu waliokuwa wakiogopana, na badala ya kuificha hofu yao waliiweka mezani. Sisi wachache wa Pwani tungekuwa na bunge letu la jimbo, tusingoje kila kitu kutoka Nairobi. Kulikuwa na baraza la seneti la kulinda majimbo, na haki za kila mtu zikaandikwa, hata za aliye mbali na kwao. Nilipofika hapo nilimpiga Griffin begani nikamwambia, tazama, wewe pia umo humu!

Kasoro hazikukosekana. Wanawake tuliachiwa mila katika mambo ya ndoa na urithi, na hilo nitakugombeza ana kwa ana. Tena haikudumu, mwaka mmoja tu, majimbo yakaanza kuvuliwa madaraka, na ni wachache waliolia. Griffin anasema iliuawa na walioshika serikali. Mimi naona kasoro kubwa ilikuwa nyingine. Iliandikwa kwa Kiingereza kizito, ikajadiliwa ng’ambo, na vifungu vyote vile havikutufikia. Lililofika vijijini na mitaani ni neno moja tu, majimbo, na kila mtu akalijaza alichokuwa nacho moyoni.

Hapo nikashtuka. Nikajiuliza, Mzee Oduor amelijaza nini?

Jumamosi iliyopita nilikwenda kwake Changamwe peke yangu, na samaki wa kupaka. Akanitania kwamba watu wa Pwani tunapika polepole kama tunavyosema. Nikamjibu kwamba wao wa bara husema haraka kwa sababu chakula chao hakina cha kusubiri. Akacheka vizuri. Alipomaliza kula, nikamwuliza, kwa heshima zote, kwake majimbo maana yake nini. Alinawa mikono, akaifuta mmoja mmoja. Kisha akasema maana yake ni “toka”. Basi. Hajui nyingine.

Baba, mzee alinisimulia yote, na Griffin aliniomba nisimwambie mtu, lakini mzee mwenyewe ameniruhusu nikuandikie. Mwaka ule wa vurugu za Likoni walikuwa wakiishi kule. Griffin alikuwa bado ananyonya. Watu walikuja usiku wakipita mlango kwa mlango kuwafukuza watu wa bara, na neno walilokuwa wakilipaza ndilo hilo lako. Mzee alimfunga mtoto kifuani, akamshika mkewe mkono, wakapita nyuma kwa jirani Mdigo aliyewaficha hadi kulipopambazuka wakavuka kwa feri. Mdogo wake mzee, fundi wa viatu, alirudi kuchukua vyombo vyake vya kazi. Hakuvuka. Hawakumwona tena.

Kwa hiyo hakukataa wali wako. Alisikia neno lile kwa sauti ya furaha, na vigelegele juu yake, siku mwanawe anaoa, na miguu ikamtoa yenyewe.

Nilimweleza yote uliyofundishwa na babu: bunge letu, heshima yetu, bendera moja. Alisikiliza mpaka mwisho. Alisema miaka yote aliyoishi Mombasa hakuna aliyemwambia kwamba neno hilo liliwahi kuwa sheria, tena sheria ya kulinda watu wanaoogopa. Akasema, “Basi mimi na baba yako Tsuma tulikuwa tukiogopa kitu kimoja.” Anataka kulisikia kutoka kinywani mwako.

Baba, sikuombi uliache neno lako. Ni urithi, na ni zuri. Lakini katiba ile iliamini kwamba kuandika kunatosha, na wewe unajua kuwa hakutoshi. Nakuomba uanze na pole. Mpe pole ya mdogo wake, kama tunavyompa mfiwa, hata kama imechelewa miaka mingi. Baada ya pole, sema majimbo hadi kuche.

Msalimie bibi, wadogo zangu, na wote wa nyumbani kwa upendo. Griffin anakuamkia, anasema anakupenda kuliko unavyodhani. Kabla mwezi huu haujaisha tutakuja Kaloleni, mimi na yeye, na Mzee Oduor akiwa katikati yetu. Utupokee.

Mwanao,
Kafedha
Bibi wa Griffin