Siku Sifa alipoiacha Muheto iungue

Jumapili, jioni. Mvua imenyesha tangu misa ya kwanza na bado haijaamua kukoma. Walikale yote inanuka udongo mwekundu na majani yaliyooza. Nimekaa karibu na dirisha, naandika kwenye simu kwa kidole kimoja.

Nina huzuni, na huzuni yenyewe imetoka kwenye mchezo.

Najua jinsi hilo linavyosikika. Mwalimu mstaafu, mzee wa umri wangu, anasononeshwa na dadu. Basi niueleze kwanza. Kasereka, kijana wa Butembo mwenye duka la kuchaji simu karibu na soko, aliupata kwenye intaneti. Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana tunaizunguka meza yake: yeye, Mama Faida anayeuza mandazi, mjukuu wangu Sifa, na mimi. Hakuna ubao wala karata. Kila mmoja anabuni shujaa mwenye nguvu moja isiyo ya kibinadamu, kisha tunasimulia hadithi pamoja, na Kasereka ndiye anayeleta hatari. Jambo likiwa gumu unatupa dadu mbili. Zikija juu, shujaa wako anafaulu. Zikija chini, ni taabu. Zikija katikati anafaulu, lakini analipa, na Kasereka ndiye anayetaja bei. Sheria ni hizo tu.

Shujaa wa Mama Faida anawalaza adui usingizi kwa harufu ya sombe, majani ya muhogo yaliyopikwa. Wa Sifa anaruka angani akiwa amebeba mzigo wowote. Wangu ni mzee ambaye akitaja jina la mahali palipoharibiwa, panasimama tena kama zamani.

"Papa Mwalimu," Mama Faida alinicheka siku ya kwanza, "hata mu muchezo unakataa kukimbia?"

"Haya magoti nilikuja nayo, Mama."

Sasa niandike kile ambacho sikumwambia mtu.

Majuzi binamu yangu Bahati alinipigia simu kutoka Muheto, kijiji chetu cha Masisi tulichokikimbia wakati wa vita. Kumetulia, alisema, watu wanapanda. Lakini shamba la baba yangu limekaa miaka mingi bila mtu, na shefu wa kijiji anataka kuligawa. Kwetu ardhi inashikwa kwa kuishi juu yake. Bahati alisema nije kabla ya msimu wa kupanda, tena nije na kijana atakayebaki, kwa kuwa mzee peke yake hahesabiki.

Kijana niliyebaki naye ni Sifa. Amezaliwa hapa, msituni, na Muheto hajawahi kuiona. Baba yake, mwanangu, alirudi huko kuangalia shamba hilohilo wakati Sifa bado anabebwa mgongoni. Kilichorudi ni shati lake.

Kwa hiyo nilishindwa kumwuliza uso kwa uso. Nilimwomba Kasereka hadithi ya leo ifanyike Muheto, naye akakubali. Nilichora ramani nyuma ya kalenda iliyokwisha: barabara, kanisa, mto, malisho ya ng'ombe, shamba letu kwenye mteremko. Nikawaelezea baridi ya asubuhi, ukungu unaolala bondeni, jibini ya majirani, viazi vinavyochimbwa vikiwa na udongo mweusi. Nilitaka aipende kabla sijamwomba chochote.

Na alianza kuipenda. Shujaa wake alipaa juu ya vilima, na Sifa akaegemea ramani yangu.

"Koko," aliniita kama anavyoniita mimi babu yake, "huku hakuna miti?"

"Ni nyasi tu, mpaka juu kabisa."

"Basi mutu anaona mbali."

Alilisema taratibu, kama mtu anayepima nguo kifuani kabla ya kuinunua. Nikajiambia nitamwuliza leo, tukirudi nyumbani.

Kisha Kasereka akaleta jitu la moshi likishuka mlimani na moto nyuma yake. Watu wakakimbilia barabarani. Mama Faida akafunua sufuria yake ya sombe, akatupa dadu, zikamkataa.

"Hii jitu haiko na pua," Kasereka akasema.

"Basi haikulelewa na mama," akajibu, akachukua andazi jingine.

Sifa akatupa. Zikaja katikati.

"Unafaulu, lakini unalipa," Kasereka akamwambia. "Unaweza kuzima moto, Muheto inabaki nzima. Ao unatoa mutu moja mwenye alibakia mu moto. Vyote viwili, hapana. Na huyo mutu, sema wewe mwenyewe ni nani."

Nilitulia kabisa. Kijiji kizima kwa mtu mmoja wa kubuni: niliona jibu ni moja tu.

Sifa hakufikiri hata kidogo. "Ni Koko. Alienda kuangalia shamba."

Mama Faida akaacha kutafuna.

"Na Muheto?" nikauliza.

"Iungue. Mi nabeba Koko mpaka hapa Walikale, namuweka ku kiti yake. Na mulango nafunga."

Kasereka alipiga makofi, Mama Faida naye. Halafu Kasereka akanisogezea dadu. "Papa Mwalimu, muzee wako anaweza kuisimamisha tena. Unaitaja?"

Ilikuwa kazi ya kufungua kinywa tu. Sifa alikuwa ananitazama, na hakuwa anamtazama shujaa wangu.

"Amechoka," nikasema. "Anabaki ku kiti."

Mjukuu wangu akacheka, akanibana bega. Kwake ulikuwa ushindi, na njia nzima ya kurudi, chini ya mwavuli mmoja, alisimulia jinsi alivyoniokoa.

Sikumwuliza.

Sijui kama alisikia simu ya Bahati. Kuta zetu ni mbao, na mimi huongea kwa sauti kubwa kwa sababu ya masikio. Kama alisikia, amenijibu. Kama hakusikia, amenijibu vilevile.

Nimesoma vitabu vingi juu ya watu waliopoteza kwao. Wote walinyang'anywa na adui. Hakuna kilichonitayarisha kupoteza kwetu kwa mkono wa mtu anayenipenda.

Kwenda peke yangu? Nimelifikiria hilo tangu tuingie ndani. Nilimwona marehemu mke wangu akikaa kando ya barabara kila jioni, akichungulia kila pikipiki inayotoka upande wa Masisi, hata baada ya shati kufika. Kungoja kule kando ya barabara sitamrithisha Sifa.

Kesho asubuhi, mtandao ukipatikana, nitampigia Bahati nimwambie shefu agawe. Nitaomba wampe mtu mwenye watoto wadogo, basi. Nimekuwa nikiyapanga maneno. Nilifundisha insha karibu maisha yangu yote, na sentensi yenyewe ni fupi.

Shamba si letu tena.

Nimeiandika ili nione kama inaandikika. Imeandikika. Nitaisemaje kwa mdomo?